Siku moja Newlands: ununue tiketi ya siku gani?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu hapa Kongwa, mshabiki wa Dodoma Jiji, na mchezo ninaoujua ni mpira wa miguu tu. Mdogo wangu anafanya kazi Cape Town, amenialika Januari. Anasema atanipeleka Newlands kutazama kriketi, mechi ya Testi, ile ya siku tano. Siku zote tano hatuwezi, kwa hiyo anataka nimchagulie moja anunue tiketi. Halafu naambiwa siku tano zikiisha panaweza pasipatikane mshindi! Nichague siku gani, na kuanzia asubuhi hadi jioni nitakuwa naangalia nini?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwambie anunue ya kwanza. Wazoefu watakushauri uende siku ya nne au ya tano kwa kuwa ndipo mechi inapoamuliwa, na kwa mkazi wa Cape Town ushauri huo ni mzuri. Wewe unatoka Kongwa. Mtu aliyedunduliza nauli hasubiri siku ambayo huenda isichezwe kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwapo Newlands Januari 3, 2024, Afrika Kusini ikicheza na India. Wenyeji walishinda kwenye kurusha shilingi, wakachagua kuanza kupiga. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wametoka wote (wakitolewa wapigaji kumi kati ya 11, zamu ya timu imekwisha) kwa mikimbio 55, yaani pointi 55. Mrushaji wa India, Mohammed Siraj, peke yake aliwatoa sita. Nilikaa kwenye nyasi, upande wa miti ya mialoni, karibu na mama mmoja wa Durban aliyevaa jezi ya India. Alifunua biriani yake mapema asubuhi ile. Kila akinyanyua kijiko wiketi inaanguka, yaani mpigaji mmoja ametolewa, anakirudisha, anasimama kupiga makofi, mpaka chakula kikapoa.

Furaha yake haikudumu. India walifika 153 wakiwa wametolewa wanne tu, halafu ndani ya mipira 11, yaani mirusho 11, wakatoka sita waliobaki bila kuongeza hata mkimbio mmoja. Kila timu hupiga zamu mbili, basi Afrika Kusini wakaanza ya pili, na jioni ilipofika wiketi 23 zilikuwa zimeanguka kwa siku moja. Kesho yake Aiden Markram wa Afrika Kusini alipiga mikimbio 106 kwenye uwanja huohuo uliowashinda wenzake, na bado India wakashinda siku hiyohiyo ya pili. Mechi nzima ilichukua mipira 642, na katika historia ya Testi hakuna mechi fupi kuliko hiyo iliyopata mshindi. Waliosafiri kwa ajili ya siku ya tatu hawakuona mpira ukirushwa, na niliwahurumia sana.

Usidhani kila Testi huenda mbio namna hiyo. Mwaka uliofuata, Januari 2025, uwanja uleule, Afrika Kusini waliwapiga Pakistan mikimbio 615 kwa zamu moja, na Ryan Rickelton peke yake akapata 259. Tofauti kubwa ilianzia kwenye udongo. Ule ukanda wa katikati, wenye urefu wa mita 20 hivi, ukiwa unadundisha mpira ovyo, mara juu mara chini, mpigaji hana amani. Ukitulia, atakaa hapo kutwa. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza usihangaike na ubao wa matokeo. Tazama mpira unapodunda na unapofikia: kiunoni au kifuani?

Kingine ni namna nahodha anavyopanga watu wake. Akiwapanga watatu au wanne nyuma ya mpigaji, wameinama, mikono tayari, ujue anawinda wiketi. Akiwatawanya pembezoni, analinda mikimbio. Ukishalielewa hilo, umeanza kusoma mechi. Tena angalia suruali za warushaji: wanausugua mpira upande mmoja ubaki unang'aa, ndiyo maana utaona doa jekundu pajani kwenye nguo nyeupe. Upande mmoja ukiwa laini na mwingine umechakaa, mpira hupinda hewani. Ova 80 zikipita (ova moja ni mipira sita) wana haki ya kudai mpira mpya, na mambo hubadilika tena.

Ratiba yenyewe ni rahisi. Newlands huanza saa nne na nusu asubuhi kwa saa za kule, huku kwetu ikiwa saa tano na nusu. Wanacheza saa mbili, wanapumzika dakika 40 kwa chakula, saa mbili tena, dakika 20 za chai, kisha saa mbili za mwisho. Kwa siku hulengwa ova 90. Beba kofia pana, na sweta pia, maana upepo wa kusini-mashariki haubembelezi, na jioni jua hujificha nyuma ya mlima. Stesheni ya treni iko jirani kabisa na uwanja.

Kuhusu kukosa mshindi, hapo sikubaliani na wanaobeza. Novemba 2012 kule Adelaide, Faf du Plessis alikuwa kwenye Testi yake ya kwanza. Afrika Kusini hawakuwa na njia ya kushinda. Alikabili mipira 376, akabaki na 110 bila kutolewa, na Australia wakanyimwa ushindi, maana siku tano ziliisha kabla hawajawatoa wapigaji wote. Sare ile ilipiganiwa kuliko ushindi mwingi ninaoujua.

Siku ile ya wiketi 23, Dean Elgar, nahodha wa wenyeji, alikuwa anacheza Testi yake ya mwisho. Katika zamu ile ya pili alitoka na mikimbio 12, na aliyemdaka mpira kabla haujagusa chini, jambo linalomtoa mpigaji, ni Virat Kohli wa India. Mashabiki wa India walianza kushangilia. Kohli akawaashiria wasifanye hivyo, akainama kumpa heshima, akaenda kumkumbatia. Tukapiga makofi wote, wa bendera zote mbili.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, natoka Manyoni, nafika Harare mara kwa mara. Je, huko nako kuna hiyo Testi? Na sisi Tanzania tunacheza?
Dereva, Manyoni

JIBU: Ipo, ndugu yangu. Zimbabwe walianza Testi Oktoba 1992 hapohapo Harare Sports Club, wakatoka sare na India. Barani Afrika ni wao na Afrika Kusini tu, kati ya nchi 12 duniani. Ukipangiwa mzigo wa Bulawayo, ulizia ratiba ya Queens Sports Club. Julai 2025 Wiaan Mulder wa Afrika Kusini alifikisha mikimbio 367 hapo bila kutolewa, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa nahodha, akaifunga zamu mwenyewe, yaani akaamua timu yake iache kupiga. Rekodi ya Brian Lara wa West Indies, mikimbio 400 kwa zamu moja, ilikuwa mbele yake, lakini alisema Lara anastahili kubaki nayo.

Sisi hatuna hadhi ya Testi bado, tunacheza mechi fupi. Lakini vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, kwa mara ya kwanza, kwa kuwashinda wenzao wa Afrika.