Karatasi ya mahakama ikifika nyumbani kwako Marekani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasindikiza Waswahili wenzangu mahakamani hapa Columbus, Ohio: Wakongo wengi, Warundi, Wakenya, Watanzania wachache. Mimi si wakili. Ninaandika yale ninayotamani kila familia iyajue kabla ya siku ya kwanza ya kesi, maana siku hiyo ndiyo watu wetu huumia zaidi.

Anza na majina yaliyo juu ya karatasi. Ukiona "State of Ohio" au "City of Columbus" dhidi ya jina lako, hiyo kwa kawaida ni jinai, kama Tanzania inavyoandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Wewe ni mshtakiwa. Ukiona jina la mwenye nyumba au kampuni inayodai deni, hiyo ni kesi ya madai: yeye mdai, wewe mdaiwa.

Kwenye jinai unaweza kufungwa, kwa hiyo mwendesha mashtaka lazima athibitishe kosa bila kuacha shaka ya msingi. Na kama kifungo kinakukabili nawe huna fedha, mahakama inakuteulia wakili. Kwa hilo tumshukuru Clarence Gideon, mfungwa wa Florida aliyeiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani kwa penseli akiwa gerezani, akashinda mwaka 1963.

Kwenye madai, kwa kawaida hupewi wakili, na mdai anashinda ushahidi wake ukizidi wako uzito hata kidogo. Hapa Ohio, ukipokea samansi ya deni, kwa kawaida una siku 28 za kujibu kwa maandishi. Ukinyamaza, jaji anaweza kumpa mdai ushindi bila kukusikiliza, na mshahara wako ukaanza kukatwa. Kesi ya kutolewa kwenye nyumba huenda mbio zaidi: hiyo haingoji majibu ya maandishi, wewe fika tu siku iliyoandikwa. Ile karatasi ya mwenye nyumba inayobandikwa mlangoni, ya kukupa siku 3 uhame, bado si amri ya mahakama. Usifungashe vyombo usiku kwa hofu yake kabla hujazungumza na watu wa msaada wa kisheria.

Mengi ya haya huishia kwenye mahakama za jimbo. Serikali kuu ina zake: mahakama 94 za wilaya, 13 za rufaa, na juu kabisa Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Mahakama ya uhamiaji haimo kwenye ngazi hizo zote mbili. Iko chini ya Wizara ya Sheria, na huko wakili unajitafutia mwenyewe.

Sasa siku ya kwanza ya jinai. Jaji anasoma mashtaka na kukuuliza unajibu nini: nina hatia, sina hatia, au, kwa Ohio, sipingi mashtaka. Hapa ndipo malezi yetu yanapotuponza. Nilikaa nyuma ya mzee mmoja wa Kivu, kofia mapajani, mkalimani akisikika kwenye simu. Jaji akamuuliza kama anaelewa kwamba akikiri anaacha haki ya kusikilizwa na juri (raia wa kawaida wanaoamua kama una hatia), haki ya wakili wake kuwahoji mashahidi, haki ya kunyamaza. Kila swali mzee aliinamisha kichwa: "Ndiyo, mheshimiwa." Kwetu mkubwa akiuliza, unaitika. Mahakamani kila "ndiyo" inaandikwa na kubaki. Sema "sielewi" mara nyingi unavyohitaji. Hakuna jaji wa haki atakayekuona huna adabu.

Wengine, hasa walokole, huniuliza: "Dada, kweli nilifanya, nitasemaje sina hatia?" Kusema hivyo siku ya kwanza si uongo wala kiapo. Unaitaka serikali ilete ushahidi wake, nawe unapata muda wa kukaa na wakili. Kesi nyingi za jinai hapa huishia kwa makubaliano ya kukiri kosa, juri haiitwi kabisa. Lakini ukiri ukijua unakiri nini.

Kwa asiye raia, hili ni zito mno. Jose Padilla, dereva wa lori aliyeishi Marekani miaka zaidi ya 40, alikiri kosa la bangi huko Kentucky baada ya wakili wake kumwambia asihofu kuhusu uhamiaji. Akakabiliwa na kurudishwa Honduras. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa utetezi lazima amweleze mteja hatari hiyo. Basi muulize wakili wako swali hilo waziwazi: nikikiri, hadhi yangu ya uhamiaji itakuwaje?

Kuhusu dhamana, uliza kwanza kama mnaweza kulipa asilimia 10 ya dhamana moja kwa moja mahakamani, kwa sababu hapa Ohio sehemu kubwa yake hurudi ukihudhuria siku zote. Wafanyabiashara wa dhamana, wanaokudhamini kwa malipo, nao huchukua asilimia 10, na hiyo hairudi. Usipohudhuria, jaji hutoa hati ya kukamatwa, na polisi akikusimamisha barabarani kwa taa mbovu tu, unalala ndani.

Mkalimani halipwi na wewe. Piga simu kwa karani mapema, useme lugha yako ni Kiswahili na nchi unayotoka, kwani mzee wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa hupotezana njiani. Mtoto wako asikalimani. Namba ya kesi iko juu ya karatasi. Iwe mkononi kabla hujapiga.