Dinari yangu imekuja na weusi na kijani kinachonata, niisafishe?

Swali: Habari za kazi ndugu mjibu maswali. Nimenunua sarafu yangu ya kwanza ya fedha ya Kirumi, dinari ya Kaisari Antoninus Pius, imekuja kwenye kifuko cha plastiki laini pamoja na kikaratasi cha muuzaji. Ina weusi katikati ya maandishi na kuzunguka kichwa, halafu upande wa pili kuna kijani kidogo kama kinanata hivi. Kaka yangu ananiambia niisugue na dawa ya meno itang'aa, rafiki anasema maji moto, magadi na karatasi ya alumini. Mimi naogopa kuiharibu. Na niiweke wapi, maana sasa hivi iko kwenye droo ya meza na kila jioni naitoa naishikashika. — *Mgeni wa sarafu*

Jibu: Hongera sana, na mshukuru huo uoga wako manake umekuokoa. Kaka mwambie abaki na dawa yake ya meno kwa ajili ya meno. Ile dawa ina chembechembe za kusugulia, zinakwangua uso wa fedha na kuacha mikwaruzo midogo midogo ambayo ukiiweka sarafu chini ya lenzi unaiona yote, na hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Hii ya magadi na alumini kweli inaondoa weusi, ila inaacha uso mweupe uliopauka kama haujawahi kuguswa na miaka, na yale maji yanaingia kwenye nyufa ndogo za fedha ya kale na kutoka kwake humo ni kazi. Anayejua sarafu akiiona tu anajua imechezewa, na bei inashuka hapo hapo.

Huo weusi wenyewe sio uchafu. Ni fedha imekutana na salfa iliyoko hewani ikafanya utando mwembamba sana, na kwa mkusanyaji ule utando ni mali, maana unakaa kwenye mabonde ya herufi na nywele ndo unasaidia jicho kusoma ANTONINVS na kuiona sura vizuri. Usiguse.

Kijani ndo cha kushughulikia, na ndo sehemu nataka unisikilize vizuri. Kuna kijani cha aina mbili. Cha kwanza ni kigumu, kimekaa ndani ya mashimo ya sarafu kama jiwe. Hicho kinatokana na shaba, kwa sababu dinari za wakati wa Antoninus Pius (alitawala 138 hadi 161) hazikuwa fedha tupu, Kaisari Nero alishapunguza fedha tangu mwaka 64 na shaba ikaongezwa humo. Kikiwa kikavu na hakiongezeki, kiache. Cha pili ni kama chako, kinanata, kinateleza ukikigusa na kijiti cha meno, hicho mara nyingi ni plastiki yenyewe inatoa jasho. Vifuko laini vingi ni vya PVC, aina ya plastiki, na PVC inalainishwa na mafuta ya kemikali ambayo taratibu yanatoka, halafu plastiki ikianza kuzeeka inatoa asidi, na asidi ndo inaanza kuila sarafu. Kinuse tu hicho kifuko, kikiwa na harufu kali ya plastiki mpya basi mwizi umeshampata.

Itoe leo hii, usisubiri wikiendi. Tafuta asetoni safi, sio ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Mimina kwenye bakuli la glasi (la plastiki litayeyuka utalia), fungua madirisha, zima kila moto ulioko karibu kwa sababu mvuke wake unashika moto haraka sana. Ilaze sarafu humo muda kidogo, badilisha asetoni mara moja, kisha itoe uiache ikauke yenyewe juu ya kitambaa safi. Usiisugue wala kuifuta. Asetoni inaondoa mafuta na plastiki bila kugusa fedha wala ule weusi, kwa hiyo hapo hupotezi kitu. Ikibaki rangi ya kijani hata baada ya hapo, ndo tayari asidi ilishaanza kula, simama hapo hapo.

Kuhusu kuishikashika, shika tu, sarafu ni ya kuangaliwa bwana, ila shika kwenye ukingo kwa vidole viwili, mikono imeoshwa na kukauka, na chini pawe na taulo. Hili la taulo watu wanalidharau. Fedha iliyokaa ardhini karne nyingi inaliwa kwa ndani, kwenye maungio ya zile punje zake, nje inaonekana nzima kabisa lakini ikidondoka kwenye sakafu inakatika kama biskuti. Ndo maana usijaribu kuinyoosha ikiwa imepinda, na usiigonge mezani eti usikie kama inalia. Glavu za pamba mimi sizipendi, zinateleza.

Kukaa kwake sasa. Hiyo droo ina raba, ina bendi za mpira, pengine na kitambaa cha sufu? Vyote hivyo vinatoa salfa na vitaipa weusi wa haraka, ule wa madoa madoa, sio ule mzuri wa taratibu. Nunua vifuko vya plastiki ya poliesta, ni vigumu kidogo na vinapiga kelele ukivikunja, ndo dalili yake. Kwa sababu ni vigumu usiisukume sarafu ikasuguana na ukingo, kipanue mdomo uidondoshe taratibu. Visanduku vya plastiki ngumu vya mviringo navyo ni vizuri, pima kwanza, dinari nyingi zina upana wa kama milimita 18 lakini sio duara kamili. Vile vikadi vya kubana na stepla mimi siviwezi, pini inashika kutu na siku ya kuitoa sarafu inakwaruzwa. Ukija kuwa nazo nyingi utatamani kabati la mbao lenye vitrei, wazoefu wanapenda mahogani, mwaloni wanaukwepa kwa sababu unatoa mvuke wa asidi. Weka na vipakiti vya silika jeli, vile vya kunyonya unyevu, pembeni, sehemu kavu isiyo na joto la kupanda na kushuka, jikoni na bafuni hapana.

Na kile kikaratasi cha muuzaji usikitupe! Kiweke kwenye mfuko wake, kisigusane na sarafu, lakini visitengane. Piga picha pande zote mbili, pima uzito, andika tarehe na ulikoinunua, hifadhi na risiti. Italia na Uturuki zina sheria kali kuhusu vitu vya kale, na tangu mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya vitu hivyo wanunuzi wanazidi kuuliza sarafu ilitoka wapi, usipokuwa na karatasi utabaki unajieleza. Namba yake ya katalogi unaweza kuitafuta bure kwenye OCRE, ile hazina ya mtandaoni ya American Numismatic Society, linganisha maandishi herufi kwa herufi.

Swali: Yangu ina ganda la kijivu limeziba nusu ya uso, ni laini kama nta. Nilikwangue na kucha? — *Nusu Kaisari*

Jibu: Acha kucha. Inaelekea ni kloridi ya fedha, inajitengeneza pale chumvi ya udongo inapokutana na fedha kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba hilo ganda halijakaa juu ya sarafu, limetengenezwa na sarafu yenyewe, ukilitoa unakuta chini kuna mashimo na sura uliyoitegemea haipo tena. Mhifadhi mwenye mafunzo anaweza kuliyeyusha kwa kemikali na hata yeye atakuambia mapema usitegemee makubwa. Iweke kwenye giza tu, mwanga unaligeuza ganda kuwa na rangi ya zambarau iliyokolea.

Swali: Naweza kuitoboa dinari niivae shingoni?

Jibu: Hapana. Kuna fremu zinazoibana pembeni bila kutoboa, lakini bado kuna jasho, manukato na ile hatari ya kukatika niliyoieleza hapo juu. Ukitaka ya kuvaa nunua nakala.