Ulipasuliwa uzazi uliopita? Sema unachotaka mapema, usijifiche nyumbani

Mama aliyepasuliwa uzazi uliopita huwa na lake moyoni hata kabla mimba nyingine haijaonekana. Mmoja anataka safari hii asukume mwenyewe, arudi shambani mapema. Mwingine alikaa na uchungu siku mbili ndipo akaingizwa thieta. Huyo bora kisu cha mchana kilichopangwa. Wote wana haki. Shida ya huku kusini mwa Tanzania ni kwamba hawalisemi kliniki. Anayetaka njia ya kawaida anajikalia nyumbani makusudi, afike hospitali kichwa kimeshachungulia, daktari asipate nafasi ya kumpasua. Kovu likiachia akiwa kule nyumbani, hakuna wa kumsaidia.

Anza na kovu lenyewe. Mstari wa kwenye ngozi haukuambii kitu: juu unaweza kuwa wa kulala, ndani mji wa mimba umekatwa wima. Jibu liko kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Tafuta herufi LSCS, yaani mji wa mimba ulikatwa sehemu ya chini. Kovu la kulala la hapo chini likiwa moja tu, hatari ya kuchanika wakati wa uchungu ni kama mama 1 kati ya 200. Aliyekatwa wima sehemu ya juu asijaribu kabisa. Karatasi imepotea? Rudi ulikopasuliwa, iwe Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine pale Lindi, na tarehe uliyojifungua, uombe waangalie rejista ya thieta.

Uliza pia ulipasuliwa kwa nini. Aliyepasuliwa kwa sababu mtoto alitanguliza makalio ana matumaini kuliko ambaye njia ilifunguka yote na mtoto akagoma kushuka. Kwa jumla, katika kila 100 wanaojaribu chini ya uangalizi, 60 hadi 80 wanafaulu, na aliyewahi kuzaa kawaida anafaulu zaidi. Toka uzazi ule hadi huu ikiwa haijatimia miezi 18, hatari ya kovu inapanda.

Zahanati si mahali pa kujaribia, hata kama mkunga wake ni hodari. Panatakiwa thieta inayofanya kazi usiku na damu ya kuongezewa. Ukitoka vijijini Liwale au Tandahimba, wiki ya 37 uwe umeshahamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali, hasa masika. Jua kundi lako la damu na nani atakutolea.

Halafu dawa. Mizizi ya kuharakisha uchungu, hata akiileta mama mkwe kwa mapenzi yote, kataa. Vidonge vya misoprostoli vya kuanzishia uchungu navyo ni mwiko kwa mwenye kovu: mji wa mimba unabana kwa nguvu bila kupumzika na kovu linapasuka.

Anayekusindikiza, awe somo yako au dada, ajue dalili: maumivu yasiyoachia kati ya uchungu na uchungu, kovu kuuma likiguswa, damu kutoka, mtoto kuacha kucheza. Iko moja inayodanganya watu wengi: uchungu mkali unakatika ghafla, wanasema mama amepumzika, wanamwacha alale. Huyo aitiwe daktari dakika hiyo hiyo.

Anayechagua upasuaji naye ahesabu mbele. Kila kisu kinaongeza uwezekano wa kondo kujishika kwenye kovu mimba ijayo na kutoa damu nyingi, kwa hiyo ukitaka watoto watano, mwambie daktari leo. Ukitaka kufunga kizazi siku hiyo hiyo, lizungumzwe kliniki, si ukiwa umeshalala mezani. Kwa kawaida siku hupangwa kwenye wiki ya 39. Uchungu ukitangulia, nenda hapo hapo, usingoje tarehe.

Uamuzi wowote, uandikwe kwenye kadi ya kliniki kabla ya wiki ya 36, pamoja na aina ya kovu. Nesi utakayemkuta zamu ya usiku si yule mliyezungumza naye.