Rangi ya embe dodo kwenye sebule ya mjane

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 58, mwalimu mstaafu, ninaishi Tanga. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya ndoa ya miaka 31. Nyumba yetu yote ni ya krimu, ndani na nje, kwa sababu ndiyo rangi aliyoipenda. Mirathi ilishakamilika na watoto wameniachia nyumba kwa maandishi. Sasa ninataka sebule iwe na rangi ya embe dodo lililoiva, pamoja na bluu iliyokolea, kama ilivyo kanga aliyoniachia marehemu mama yangu. Mwanangu wa kwanza anasema nyumba itafanana na kibanda cha kampuni ya simu na haitapata mnunuzi. Wifi yangu anasema watu watadhani ninasherehekea kufiwa. Lakini kinachonikosesha usingizi ni jambo jingine. Mume wangu alipokuwa hai nilimwomba rangi hiyo hiyo, akacheka, akaniambia, "Ukitaka manjano, subiri nife." Nifanye nini?
Mama Mwalimu, Tanga

Marahaba, Mama Mwalimu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona kwamba wifi na mwanao wamechukua nafasi kubwa, ilhali mzigo wenyewe umeuweka mwishoni, katika maneno yale manne ya marehemu. Niruhusu nianze na hapo.

Mume aliyesema maneno hayo huku akicheka hakukuwekea sharti wala hakukuachia wasia. Ulikuwa utani wa watu wawili waliozoeana kiasi cha kutajiana kifo bila kuogopa, na utani wa namna hiyo, mmoja akishaondoka, humwachia aliyebaki maneno asiyokuwa na wa kuyacheka naye. Ndiyo maana yanakuuma. Ungeniandikia wiki ya pili baada ya mazishi, ukiwa umekwisha kununua rangi, ningekuomba usubiri, kwa kuwa mtu mwenye uchungu mpya anaweza kuikimbia rangi ya ukuta kwa sababu tu inamkumbusha aliyekuwa akiegemea ukuta huo. Wewe ulikaa eda yako, ukaongeza mwaka na miezi juu yake, na hamu iliyobaki ni ile ile uliyomweleza mwenyewe akiwa hai. Hukuipata kwa kifo chake. Hilo peke yake linanitosha kukuambia kwa moyo mmoja kwamba sebule uipake.

Kuhusu wifi yako, nakusihi usimjibu kwa ukali hata kama maneno yake yamekuchoma. Eda ya mfiwa ina muda unaojulikana, miezi 4 na siku 10, na aliyeiweka ndiye aliyeiwekea mwisho. Hakuna mahali kuta za nyumba zimeamriwa kuendelea kukaa eda baada ya mwenye nyumba kuimaliza. Hoja hiyo unayo, lakini nisingeitanguliza. Mama huyo amefiwa na kaka yake, na huenda kwake krimu ile ndiyo alama ya mwisho kwamba nyumba bado ni ya kaka. Mwendee kabla fundi hajashusha ndoo. Huendi kuomba ruhusa. Unakwenda kumpa habari ili asije akazisikia njiani. Mwambie pia kwamba chumba cha kulala utakiacha na krimu yake, iwapo kweli moyo wako uko hivyo, na umpe nafasi ya kusema anachokikumbuka kuhusu kaka yake akiwa ameketi pale sebuleni.

Akikuambia, kama wengi wasemavyo, kwamba nyumba za wazee wetu wa pwani zilikuwa nyeupe, atakuwa amesema nusu ya ukweli. Chokaa nyeupe ya Lamu na ya Mji Mkongwe ilikuwa ukuta unaosubiri rangi. Ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilipangwa sahani za kauri zenye maua ya bluu, chini palitandikwa mikeka ya ukindu uliotiwa rangi, na nyumba nyingi za Unguja ziliingiza mwanga wa jua kupitia vioo vyekundu, vya kijani na vya manjano. Bibi zetu hawakuiogopa rangi, bali walijua pa kuiweka.

Hapo ndipo ninapomkubalia mwanao kidogo, ingawa sikubaliani naye kuhusu mnunuzi, kwa kuwa hujasema popote kwamba unauza, na anayetaka kurudisha krimu siku moja atahitaji praima, mikono miwili mitatu ya rangi, na siku chache za kazi. Alichokiona sawasawa ni kile kibanda. Vibanda vile huumiza macho kwa sababu rangi moja kali ya mafuta, inayong'aa, imepakwa kuanzia msingi hadi juu bila mahali pa jicho kupumzika. Basi usinunue rangi inayong'aa kwa ajili ya kuta. Chukua rangi ya maji isiyong'aa. Manjano ya embe kwenye rangi hiyo hutulia, na mwanga wa asubuhi ukiipiga huenea chumbani bila kurudi machoni.

Swali la wapi iwekwe rangi gani, na kwa kiasi gani, umekwisha kulijibu bila kujua, kwa sababu jibu liko kwenye sanduku lako la nguo. Itoe kanga ya mama, uitandaze kitandani, uchukue futi kamba. Pima upana wa pindo la bluu, kisha upime mji wa manjano, yaani sehemu ya katikati. Aliyeibuni kanga ile alijua kwamba bluu ikizidi inauzima mji, na ikipungua mji unamwagika, kwa hiyo wewe fuata mgao wake. Manjano yawe mji wa sebule, katika kuta zote nne, na bluu iwe pindo: mkanda wa chini ya ukuta, wa sentimita 30 au 40, ule ambao mafundi wetu hupaka rangi nyeusinyeusi ili kuficha uchafu wa miguu na wa ufagio. Mkanda huo upake rangi ya mafuta, kwa sababu utafutwa kila siku. Kama sakafu yako ni ya saruji nyekundu, kama zilivyo nyingi za nyumba za umri huo, bluu itakaa katikati ya rangi mbili za moto na kuzizuia zisigombane. Milango, ikiwa ni ya mninga, usiiguse. Dari iache nyeupe.

Nasema kuta zote nne kwa makusudi, maana utashauriwa upake ukuta mmoja tu "kwa kuanzia". Siupendi ushauri huo. Ukuta mmoja wa manjano kati ya mitatu ya krimu huonekana kama kiraka, na kila mgeni atakuuliza kwa nini hukumaliza. Ukitaka kuanza kwa tahadhari, anza na ubao. Chukua kipande cha plaiwudi cha mita moja kwa moja, ukipake mikono miwili, ukisogeze kila siku mahali tofauti sebuleni kwa muda wa wiki nzima, ukikitazama asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku taa zikiwaka. Taa nyeupe zitayavuta manjano kuelekea ubichi wa ndimu, na taa za mwanga wa njano zitayarudisha kwenye embe. Kumbuka vilevile kwamba rangi inayoonekana pole kwenye kipande kidogo huongeza nguvu ikizunguka chumba kizima, kwa hiyo ukisitasita kati ya mbili, chukua ile iliyo pole zaidi kwa hatua moja.

Dukani nenda na kanga yenyewe. Waonyeshe upindo wa ndani, pale ambapo jua na sabuni havijapachubua, na uchague duka lenye mashine ya kuchanganya rangi, kisha namba ya mchanganyiko uiandike kwenye daftari lako. Fundi anayechanganya kwa kukadiria atakupa ndoo ya kwanza nzuri na ya pili isiyofanana nayo. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, na sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, ina kama mita 47 za mraba. Manjano hufunika kwa shida na mara nyingi huhitaji mkono wa tatu, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 itatosha na kubaki kidogo kwa marekebisho.

Jambo moja nakuomba usilipuuze, kwa sababu lilinitoa machozi. Niliwahi kupaka chumba changu rangi ya kijani ya mafuta katikati ya masika, ukuta ukiwa bado na unyevu, kwa kuwa fundi aliniahidi kwamba praima ingetosha. Baada ya miezi mitatu ukuta ulitoa malengelenge, na nilipoyabonyeza kwa kidole maji yalichuruzika hadi kwenye kiwiko. Tanga ni mji wa bahari. Kagua sehemu ya chini ya kila ukuta; ukiona unga mweupe wa chumvi au lipu inayobonyea, tafuta kwanza maji yanatoka wapi, uyazibe, uache ukuta ukauke, ndipo fundi aingie. Na kama chini ya krimu kuna rangi ya mafuta ya zamani, asipige msasa mkavu, kwa sababu rangi nyingi za kale zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Alowanishe kwanza, na wajukuu walale kwa shangazi yao siku hizo.

Kabla hajaanza, utalazimika kuishusha picha ya marehemu. Ishushe wewe mwenyewe, usimwachie fundi. Mkono wa mwisho ukishakauka siku kadhaa, irudishe pale pale ilipokuwa, juu ya kiti chake, na fremu yake uiache ilivyo. Ukimaliza, muite wifi yako mnywe chai mkiwa mmekaa chini yake.