Je, Niliyoyapitia Yanaweza Kuwa Data ya Utafiti?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninasomea shahada ya uzamili katika sosholojia, na utafiti wangu unahusu watu wanaowauguza jamaa zao nyumbani. Mimi mwenyewe nilimuuguza mama yangu kwa miaka minne baada ya kuanza kupoteza kumbukumbu, na bado ninaendelea kumtunza. Nilipoyaweka hayo katika rasimu, msimamizi wangu aliandika pembeni: "Hii ni simulizi, si data." Je, ni kweli? Na kama inaruhusiwa, nifanyeje?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Msimamizi wako ana hoja, lakini nadhani ameufunga mlango mapema mno. Mbinu unayoitafuta ipo, nayo huitwa ethnografia ya nafsi: mtafiti huyachunguza maisha yake mwenyewe ili aielewe jamii anamoishi. Mwaka 1979 David Hayano, mwanaanthropolojia aliyewachunguza wacheza poka huku naye akiwa mchezaji, alichapisha makala kuhusu watafiti wanaochunguza watu wa kundi lao wenyewe. Mwaka 2006 mwanasosholojia Leon Anderson akatia sharti ambalo ningependa ulizingatie, kwamba mtafiti asiishie kwenye nafsi yake, bali azungumze na wengine waliomo katika hali hiyo, na masimulizi yake yaongoze kwenye uchambuzi wa kinadharia.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa mwanaanthropolojia Renato Rosaldo, aliyeishi miongoni mwa Wailongot wa kisiwa cha Luzon, nchini Ufilipino. Aliwauliza wazee kwa nini walikuwa wakiwakata watu vichwa, nao wakamjibu kwamba ghadhabu inayozaliwa na msiba ndiyo iliyowasukuma. Jibu hilo alilipokea kwa miaka mingi kama maneno mepesi, akawa anatafuta maelezo mengine ya kina zaidi. Mwaka 1981 mkewe Michelle, naye mwanaanthropolojia, aliteleza katika safari ya utafiti huko huko Luzon, akaanguka kutoka kwenye genge na kufariki. Na katika majonzi yake Rosaldo aliikuta ghadhabu ile ile ambayo wazee walikuwa wamemweleza waziwazi. Hata hivyo, hakudai kwamba uchungu wake na wao ni kitu kimoja, bali alisema kwamba vinakutana kwa sehemu na kutengana kwa sehemu. Msiba wake ulimwezesha kuyasikia upya maneno aliyokuwa ameyaandika zamani, na uzito wa maneno hayo ukabaki kuwa wa wazee wenyewe.

Kwa hiyo, yachukulie maelezo yako kama ungeyachukulia ya mtu mwingine uliyemhoji. Ungemuuliza lini, nani alikuwapo, ulijuaje, na ungeyalinganisha majibu yake na ya wenzake. Basi jihoji vivyo hivyo. Kila tukio liandikie tarehe lilipotokea na tarehe ulipoliandika, na utenganishe uliyoyaona wakati ule na tafsiri unayoyapa leo. Kisha tafuta kitu cha nje kitakachoweza kukukanusha: shajara, barua, kadi za kliniki, ujumbe wa simu.

Nalisema hili kwa sababu limenikuta. Niliwahi kuandika kuhusu ugonjwa wa baba yangu, na kwa uhakika kabisa nikaeleza kwamba zamu za usiku zilikuwa zangu peke yangu. Baadaye daftari la dawa likaonekana, na karibu nusu ya alama za saa nane za usiku zilikuwa kwa mwandiko wa dada yangu. Sikuwa nimekusudia kusema uongo. Uchovu wangu ndio uliokuwa umemfuta. Nililiacha kosa hilo ndani ya andiko pamoja na sahihisho lake, kwa kuwa lilinionyesha jambo ambalo hojaji isingelifikia kwa urahisi: wauguzaji wawili wa nyumba moja wanaweza kila mmoja kujiona yuko peke yake. Hapo nikapata swali la kwenda kuwauliza watu wengine, na nakushauri utumie sura ya tasnifu inayokuhusu wewe mwenyewe kwa kazi hiyo hiyo.

Linalobaki ni la maadili, nalo ndilo zito. Mtu uliyemhoji unaweza kumbadilisha jina, lakini ukiandika "mama yangu" chini ya jina lako, hakuna wa kumficha. Mama hawezi tena kutoa ridhaa iliyo kamili, na ridhaa ya ndugu zako haiwezi kuwa yake. Yapeleke hayo mbele ya kamati ya maadili ya chuo kabla hujaendelea, kisha wasomee ndugu zako kila aya inayowataja. Akitokea mmoja akakataa aya yake, iondoe. Na yale yanayomvunjia mama heshima, ambayo angeyaficha kama angekuwa na uwezo wake wa zamani, yabaki katika shajara yako hata kama yangeipa tasnifu nguvu.