Je, "yi" ya Wachina ni "washenzi"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri makala ya historia ya China. Humo neno "yi" limefasiriwa kuwa "washenzi", nami nikaandika hivyo hivyo. Mhariri wangu kalikataa. Niandike nini?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako yuko sahihi. "Mshenzi" leo ni tusi, na "yi" haikuanza kama tusi.

Wachina wa kale waliwaita Yi watu wa mashariki, upande wa baharini. Wa kusini Man, wa magharibi Rong, wa kaskazini Di. Hebu tazama maandishi yenyewe. Ndani ya 夷 (yi) tunaona 大, "kubwa", na 弓, "upinde". Lakini 蠻 (man) chini yake kuna 虫, mdudu! Dharau ya Man imeandikwa waziwazi. Ya Yi sivyo. Tena, katika kitabu cha Mengzi, mwanafalsafa wa kale wa China, Shun, mfalme wa kale anayeheshimiwa mno na Wachina, anatajwa kuwa mtu wa Yi wa mashariki. Hapo "mshenzi" litaingiaje?

Baadaye Yi akawa mtu yeyote wa kuja, na mara nyingi kwa kudharauliwa. Waingereza neno hilo liliwaudhi hasa, hata Mkataba wa Tianjin wa 1858, kati ya Uingereza na China, kifungu cha 51, ukakataza lisitumike katika nyaraka rasmi za China kuitaja serikali yao wala raia wao.

Kwa hiyo tazama zama. Kwa habari za kale andika "Wayi", ueleze mara moja ni akina nani. Kwa karne ya 19 mimi ningechagua "ajinabi", na dharau niionyeshe kwa maelezo. "Mgeni" silipendi hapo. Kwetu mgeni hukaribishwa: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukikutana pia na "Baiyue", watu wa pwani ya kusini ya China, usiwaite "Wayue mia". "Bai" ni mia, lakini mia hiyo ina maana ya wingi tu. "Makabila ya Wayue" yatosha. Yue huyo ndiye "Viet" wa Vietnam.

Jihadhari zaidi na "sengzhi", neno la enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10) kwa watu weusi. Asili yake ni Zanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani yetu, na baadhi ya wanaisimu hulihusisha jina hilo na neno letu lile lile "mshenzi", ambalo watu wa pwani waliwabandika watu wa bara. Ukoo wa maneno usikuponze: andika "Wazanji".