Masomo ndani ya meli za kitalii: maswali yenu na majibu

Nimeshalipia safari. Masomo ya melini nitayalipia tena?

Mihadhara, hapana. Katika meli nyingi kubwa, mhadhara wa ukumbini, dansi ya wanaoanza, bridge ya karata na kwaya ya abiria ni bure. Yanayotozwa ni yanayokula vifaa: mapishi, kuonja mvinyo, mara nyingi na uchoraji. Hutoi pesa mkononi, bili inaandikwa kwenye akaunti ya kabini yako, kwa hiyo soma bei kwenye ratiba ya siku kabla ya kuandika jina. Jambo kubwa zaidi liangalie kabla ya kukata tiketi: hesabu siku ambazo meli haifungi bandarini, maana masomo hupangwa siku hizo. Safari ya siku saba yenye bandari tano ni safari ya matembezi, hata tangazo liipambe vipi.

Tutavuka Atlantiki kwa Queen Mary 2, kutoka New York hadi Southampton. Tumeambiwa ina planetariamu, ukumbi wa kuonyesha nyota kwenye kuba. Tutapataje nafasi?

Meli hiyo ilianza kazi mwaka 2004, na ndiyo ya kwanza kuwa na planetariamu baharini. Ukumbi wenyewe ni mpana, ila viti vilivyo chini ya kuba ni takribani 150 tu, na abiria hupita elfu mbili. Onyesho ni bure lakini nafasi lazima ishikwe, basi siku ya kupanda ulizeni zinatolewa wapi na saa ngapi. Anayesumbuliwa na bahari asiende siku ya mawimbi: nyota zinazozunguka juu na sakafu inayopanda na kushuka humaliza mtu upesi.

Linalowakosesha wengi darasa ni saa. New York iko nyuma ya Southampton kwa saa tano, kwa hiyo mkielekea mashariki saa za meli husogezwa mbele saa moja kwa siku tano. Mara nyingi hufanywa adhuhuri: ikifika saa sita, papo hapo inakuwa saa saba, na mhadhara wa mchana unakukuta bado unakula. Simu msiiamini, maana katikati ya bahari haina mnara wa kuufuata. Zimeni mpangilio wa saa kujibadilisha na muirekebishe wenyewe.

Mama yangu ni mtu mzima, Kiingereza chake si chepesi na masikio yamepungua. Atafaidi nini?

Meli nyingi hurudia mihadhara kwenye televisheni ya kabini, hapo anaweza kuongeza sauti na wewe ukamtafsiria. Ukumbini akae mbele, na mapokezi waulizwe kama kuna vifaa vya kusikilizia. Madarasa ya mikono (rangi za maji, kufuma, maua ya karatasi) hayahitaji lugha nyingi. Anaangalia na kuiga.

Meli za Antaktika husema abiria "wanashiriki sayansi". Ni kweli au ni biashara tu?

Ni vyote viwili, lakini kazi ipo. Tuanze na sheria: meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa, na walioko nchi kavu kwa wakati mmoja hawazidi 100. Wengine huzungushwa kwa boti za mpira, na vipimo vingi hufanyika humo.

Rahisi kuliko vyote ni sahani ya Secchi: sahani nyeupe ya sentimita 30, uzito chini yake, na kamba yenye alama za mita. Padre Angelo Secchi wa Italia aliijaribu Mediterania mwaka 1865, na mpaka leo haijabadilika sana. Injini izimwe. Vua miwani ya jua, teremsha sahani upande wa kivuli ili mng'ao usikudanganye, soma kamba pale sahani inapopotea machoni. Ishushe kidogo zaidi, ivute hadi ionekane tena, soma. Kipimo ni wastani wa hizo mbili. Maji yenye mimea midogo mingi ya kijani huificha mapema. Kinachoharibu ni mkondo: kamba ikilala mshazari, urefu wake unazidi kina halisi. Ongeza uzito, rudia.

Kwa nyangumi wenye nundu, aina ile ile inayopita pwani ya Kenya na Tanzania kati ya Julai na Oktoba, picha inayotakiwa ni ya upande wa chini wa mkia anapozama. Madoa na kingo zake humtambulisha kama alama za vidole. Hupelekwa Happywhale, tovuti inayokusanya picha za nyangumi, pamoja na tarehe, saa na mahali. Kamera isiyo na saa ya meli huharibu kumbukumbu yote, kwa sababu mahali hutafutwa kwa kufuata saa ya picha.

Naongoza watalii Unguja. Nawezaje kuwa mhadhiri melini?

Kwanza ujue malipo. Wahadhiri wengi hawapewi mshahara. Hupata kabini na chakula, mara nyingi na nafasi ya mwenza, na baadhi ya mawakala huwatoza ada ya kila siku. Soma mkataba hadi mwisho, hasa nani analipa ndege na viza.

Andaa mihadhara minne hadi sita, dakika 45 kila mmoja, na maswali humo humo. Historia ya jumla abiria ameshaisoma. Mpe asichokipata kitabuni: kwa nini jahazi liliingia na kaskazi likaondoka na kusi, au bamvua la Unguja linavyopandisha maji karibu mita nne na kulima mwani kukafuata ratiba hiyo. Beba kamba ya makumbi uipitishe mikononi mwao unapoeleza jinsi mtepe, chombo cha kale cha baharini, ulivyoshonwa bila msumari. Video ziwe ndani ya laptopu, usitegemee intaneti ya meli, na nakala nyingine iwe kwenye flashi. Usitangaze matembezi yako binafsi ukiwa jukwaani: ofisi ya matembezi ya meli inauza ya kwake, na hutaitwa tena.